Dawa ya unga kwa nyigu wa karakana: uzoefu wangu

Natumia dawa ya unga yenye deltamethrini 0.05% na chupa laini ya kubonyeza yenye mrija mrefu. Kwa viota vilivyojificha ndani ya ukuta au juu ya dari, sijaona dawa ya kuishinda. Dawa ya kopo hufika pale mpulizo unapofika tu, lakini unga hukaa mlangoni na kila nyigu apitaye huubeba mwilini hadi kwenye mabuu.

Fanya kazi giza likishaingia, nyigu wakiwa wamerudi. Funika tochi kwa nailoni nyekundu, maana mwanga huo hawauoni vizuri. Kompresa na grenda viwe vimezimwa mapema, kwa sababu mtikisiko huwachokoza. Jaza chupa nusu tu. Ikijaa hutema mabonge badala ya vumbi. Ingiza mrija tunduni, bonyeza taratibu mara tatu hadi tano, kisha ondoka. Usizibe tundu usiku huo! Wakikosa njia hutafuna jasi ya dari na kutokea ndani, juu ya meza ya kazi. Subiri siku mbili tatu hadi asionekane anayeruka, ndipo uzibe kwa silikoni. Wakiendelea kuingia na kutoka, tafuta tundu la pili.

Unga huu haufai kwa kiota cha wazi kinachoning'inia chini ya paa, kwani mwingi hudondoka. Hapo napendelea maji ya sabuni ya vyombo: vijiko vya chakula viwili kwa lita moja, kwa bomba la mkono. Sabuni huyawezesha maji kupenya kwenye matundu yao ya kupumulia, nao huanguka. Dawa ya kopo siipendi hapo: nyingi zina mafuta, na yakidondokea mbao inayosubiri vanishi, vanishi hujikunja na kuacha vishimo. Tena gesi ya makopo mengi hushika moto, kwa hiyo usiyapulize karibu na cheche za kuchomelea.

Nyigu wa udongo, wale wajengao viota vya matope, wasitiliwe sumu. Hawalindi kiota, huuma kwa nadra, na huwinda buibui. Kwangua udongo wao, na ufunge kwa tepu midomo ya mipira ya hewa na nozeli zisizotumika, maana huko ndiko wanakopenda kuziba.

Vaa barakoa, glavu, miwani na mikono mirefu. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa na pumzi baada ya kuumwa asiiguse kazi hii kabisa. Dawa hii huua samaki na nyuki pia, hivyo hakikisha kwanza kwamba walioko tunduni ni nyigu kweli.

Kasoro ya chupa niliyonayo ni kiungo cha mrija, hulegea na kumwaga unga mkononi. Mzunguko mmoja wa tepu ya mabomba kwenye nyuzi zake unatosha. Uihifadhi pakavu, maana unga ukinyonya unyevu hugandamana na hautoki tena.