Kliniki ya uzazi wa mpango iliyouliza kwanza habari za moyo wangu

Ninaishi na mlango wa moyo (vali) wa chuma, niliowekewa baada ya homa ya rumatiki ya utotoni kuuharibu ule wa asili, na kila jioni humeza warfarini ili damu isigande juu yake. Kwa mwanamke wa hali hii mimba isiyopangwa ni hatari kubwa, kwa kuwa huulemea moyo, na warfarini yenyewe huweza kumsababishia mtoto ulemavu katika miezi ya mwanzo. Hata hivyo, zahanati niliyoiendea awali ilinipa vidonge vya majira bila kuniuliza lolote, ingawa ncha ya kovu la upasuaji ilionekana juu ya ukosi wa gauni langu.

Jirani yangu wa Kibosho ndiye aliyenielekeza kwenye kliniki ya hospitali ya serikali hapa Moshi. "Dada, kabla hatujazungumzia njia yoyote, nitajie dawa zote unazotumia," alianza sista wa zamu. Aliisoma kadi yangu ya INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, mstari kwa mstari, kisha akachukua gurudumu la karatasi ngumu lenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na kulizungusha mbele yangu. Vidonge vyenye estrojeni vilikuwa namba 4, yaani visitumike kabisa, kwa sababu homoni hiyo huzidisha kuganda kwa damu. Vijiti, vile vinavyoingizwa chini ya ngozi ya mkono, vilikuwa namba 1, yaani havina kizuizi. Kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, hakukikataa, ila alinieleza kwamba huweza kuongeza hedhi, jambo zito kwa anayetumia warfarini.

Nilichagua kijiti cha miaka 3. Alimpigia simu kwanza daktari wangu wa moyo, akanichoma ganzi mkononi, akakiingiza, kisha akakandamiza kitambaa cha shashi hapo kwa dakika 10 akiitazama saa ya ukutani. Kesho yake palibaki alama ya buluu isiyozidi punje ya maharage. Sikutozwa hata shilingi.

Kasoro yao ni faragha: chumba kimetengwa na benchi la wanaosubiri kwa pazia jepesi tu, na mambo yangu yote yalisikika nje. Naomba uongozi uweke mlango, maana wapo watakaoficha ugonjwa wao kwa aibu na kupewa njia isiyowafaa.

Kabla sijaondoka, sista aliandika kwenye kadi yangu ya moyo aina ya kijiti na tarehe ya kukitoa, bila mimi kumwomba.