Tieguanyin ya Anxi: kati ya ya kijani na ya moto, chukua ya moto

Tieguanyin, chai ya oolong ya Kichina (kati ya ya kijani na nyeusi), huuzwa kwa sura mbili, na ukiagiza bila kuulizia unaweza kuletewa usiyoitaka. Ya kijani inanukia maua. Ya moto, iliyokaushwa tena juu ya moto kwa saa nyingi, ni ya kahawia na ina ladha ya karanga za kukaanga na matunda makavu. Mche ni uleule, na chimbuko lake ni Xiping, wilaya ya Anxi, mkoa wa Fujian nchini China, katika karne ya 18. Huko kuna masimulizi mawili yanayoshindana: mkulima wa ukoo wa Wei aliyeoteshwa ndotoni na Guanyin, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, na msomi wa ukoo wa Wang ambaye chai yake ilimfikia mfalme Qianlong.

Utamu wake hutengenezwa kwenye kutikiswa. Majani yakishanyauka juani hutiwa kwenye tenga refu la mianzi na kuzungushwa. Kingo huchubuka na kuwa nyekundu, katikati hubaki kijani. Hupumzishwa, hutikiswa tena, hivyo hivyo usiku kucha. Kisha hupigwa moto yasiendelee kubadilika, hufungwa kwenye kitambaa na kuviringishwa mara nyingi mpaka yawe vidonge vigumu. Watengenezaji wengi wa ya kijani siku hizi huzipukuta zile kingo nyekundu ili maji yatoke maangavu. Harufu inapanda kweli, ila uzito mdomoni unapotea, na hapo ndipo ya moto inapoishinda.

Pima gramu 7 kwa gaiwani, kikombe cha Kichina chenye kifuniko, ya mililita 110. Vidonge vitaonekana vichache. Usiongeze, maana vikifunguka hujaza kikombe chote na chai iliyozidi inakuwa chungu. Maji yachemke hasa, kwa sababu ya uvuguvugu hayafungui kidonge. Mmimino wa kwanza ni wa kuosha, umwage. Unaofuata sekunde 15, kisha ongeza sekunde tano tano. Chai nzuri hufika mimimino 7 bila kulegea. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za pwani yetu, huua harufu yote. Maziwa na sukari weka mbali kabisa.

Ukimaliza, kunjua jani moja. La Tieguanyin ni nene, kingo zake zina mawimbi na ncha imepinda kidogo upande mmoja. Likiwa jembamba na laini, huenda umeuziwa Ben Shan, ndugu yake wa bei ya chini anayepitishwa sana kwa jina hili.

Ya kijani inataka pakiti zisizo na hewa ndani ya friji. Kwenye joto huchakaa upesi. Ya moto inatosheka na kopo linalofunga vizuri, kabati tofauti na iliki na mdalasini.