Sarafu ya dhahabu ya dola 5 ya Marekani ya mwaka 1810, "iliyosafishwa": uzoefu wangu

Niliinunua Baltimore, kwenye maonyesho ya sarafu, ikiwa imefungwa kwenye kiboksi cha plastiki cha kampuni ya ukaguzi. Kibandiko hakina daraja la ubora kwa namba, ile ya 1 hadi 70. Kinasema tu kwamba ni halisi, haijachakaa sana, ila imesafishwa. Neno hilo la mwisho ndilo lililoshusha bei hadi nikaimudu.

Kasoro yenyewe inaonekana. Igeuzegeuze chini ya taa utaona mikwaruzo myembamba, yote imelalia upande mmoja, pale wazi mbele ya uso wa mama mwenye kofia aliyechorwa kwenye sarafu. Kuna mtu zamani aliisugua, pengine kwa nia njema kabisa. Inang'aa mno kwa umri wake. Lakini nyota zote 13 zimesimama, manyoya ya tai yanahesabika, na chini yake "5 D." inasomeka bila lenzi.

Tahadhari moja: si kila mkwaruzo ni wa kusafishwa. Mafundi wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia enzi hizo walikuwa wakikuta kipande kimezidi uzito wanakipunguza kwa tupa kabla ya kukigonga mhuri. Mistari hiyo ya tupa ilizaliwa na sarafu, na wakusanyaji wengi hawaihesabu kuwa dosari kubwa. Cha kuogopa zaidi ni alama ya lehemu ukingoni, maana sarafu nyingi za aina hii zilipita kwa sonara zikawa vidani.

Mke wangu aliniuliza kwa nini gramu 8.75 za dhahabu ya karati 22 ziuzwe mara kadhaa ya bei ya dhahabu yenyewe. Jibu ni tanuri. Sheria ya Marekani ya 1792 ilihesabu dhahabu kuwa na thamani mara 15 ya madini ya fedha ya uzito uleule. Ufaransa ilikuwa mara 15.5, yaani dhahabu ilithaminiwa zaidi kule. Mfanyabiashara mwenye akili alizipakia sarafu hizi melini, zikayeyushwa huko. Mwaka 1834 Marekani ikapunguza dhahabu kwenye sarafu mpya, basi zile za zamani zikawa na thamani kuliko dola 5 zilizowakilisha, nazo zikafuata njia hiyo hiyo. Za mwaka 1822 zilitengenezwa 17,796, leo zinajulikana tatu tu. Mbili ziko kwenye makumbusho ya Smithsonian ya Marekani, ya tatu ilinadiwa mwaka 2021 kwa dola milioni 8.4. Za 1810 zilizidi 100,000, ndiyo maana mtu wa kawaida bado anaweza kuibahatisha.

Kuna muuzaji wa mtandaoni niliyeachana naye kabla: picha zake zilipigwa kwa mwanga wa kuficha kila kitu, na nilipoomba video akanyamaza. Mezani unaishika mwenyewe, unaiinamisha, unaingiza namba ya cheti kwenye simu ulinganishe na picha ya kampuni, kama ipo.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kuuza: sarafu iliyosafishwa hupata wateja wachache, na wafanyabiashara wengine hawataki hata kuitazama. Kama unanunua ili uuze mwakani, tafuta yenye namba hata kama imechakaa zaidi. Mimi nilitaka kuishika. Na uliza bei ya taslimu, mimi nilipunguziwa.