Taa za nje: kabla ya kuuliza wati, tazama waya unapoingilia

Masika ya mwaka jana yaliniulia taa tatu ndani ya wiki mbili. Zilikuwa taa za LED za ukutani, boksi limeandikwa IP65, na muuzaji aliniapia kwamba hata ukizitumbukiza kwenye ndoo hazifi. Fundi alipoifungua ya getini, maji yalimmwagikia kiganjani, kama kijiko kimoja cha chai, na pale waya ulipobanwa shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. "Mama, hii imekunywa maji," akasema, kisha akanionyesha ilipokunywea: kwenye tundu la waya.

Tangu siku hiyo sinunui taa ya nje bila kuigeuza nyuma kwanza. Tukifika dukani tunauliza wati, tunauliza rangi ya mwanga, lakini waya unaingiaje hatuulizi. Zile tarakimu za IP ni hivi: ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji, na 65 maana yake vumbi halipenyi na maji ya bomba yakirushwa hayaingii. Ila hiyo ni ahadi ya taa ilivyotoka kiwandani. Fundi akishaunga waya nje kwa selotepu nyeusi, pale kwenye kiungo ahadi imekufa. Taa ikiwaka inapata joto. Mvua ikiipiga inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mwanya wowote, hata katikati ya nyuzi za waya wenyewe.

Namba moja kwangu ni taa bapa ya LED ya Philips, wati 10 kwa mlango wa nyuma na 20 kwa geti. Naipendelea waziwazi. Waya wa hii niliyonayo umezibwa kiwandani kwa mpira mgumu, na ukiuvuta hauchezi hata kidogo. Sisi wa Kigamboni, kando ya bahari, tunajua chumvi inavyokula skurubu. Zake bado zinafunguka. Umeme wenyewe si wa kutisha: wati 10 kwa saa 12 ni uniti 0.12, yaani 3.6 kwa mwezi. Kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi inayotoa kama uniti 28, hapo ni Sh 1,300 hivi.

Namba mbili ni sola, lakini ile ambayo paneli yake iko mbali na taa, ili paneli ikae juani na taa ikae chini ya upenu. Kwa Dar es Salaam ilaze paneli karibu bapa, iinamie kaskazini kidogo ili mvua ioshe vumbi.

Na hapa lazima niseme, maana inaniuma. Paneli ya ukubwa wa karatasi ya A4, hata iwe bora namna gani, kwenye jua la saa sita haifiki wati 15. Ipe saa tano za jua kamili kwa siku, utawasha taa isiyozidi wati 6 mpaka asubuhi. Sasa lile boksi la "300W" linamwambia nani ukweli? Mama anajinyima kwenye kikoba, ananunua hilo boksi, na taa inafifia kabla hata watoto hawajalala. Akirudi dukani anaonyeshwa risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Dukani taa hujaribiwa kwa dakika moja, na dakika moja kila taa huwaka. Mwombe muuzaji akuandikie miezi ya dhamana kwa mkono wake, akikataa, ondoka.

Namba tatu ni kikombe cha kioo chenye balbu ya kawaida, kwa barazani tu penye paa. Zile fimbo za sola za kuchomeka bustanini sizipi nafasi, ni mapambo.

Taa yoyote utakayochagua, chukua ya mwanga wa njano, ile iliyoandikwa 3000K, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Mweupe mkali unaita kumbikumbi.

Wakati wa kufunga, simama na fundi. Viungo vyote vikae ndani ya boksi la kuungia waya lenye mpira wa kuzuia maji, na tundu la waya litazame chini. Kisha mwambie aache waya uning'inie, ushuke chini ya taa ndipo upande kuingia. Wangu alilalamika kwamba haipendezi, nikamkataza asiukaze. Mvua za vuli zilipoanza nilisimama barazani nikitazama matone yakifuata waya, yakijikusanya pale chini kabisa na kudondoka, na taa juu yake inawaka.