Mbegu za mepo nilizoagiza mtandaoni: uzoefu wangu hapa Dodoma

Mbegu nazipa nyota tatu kati ya tano. Muuzaji nampa moja, nayo kwa sababu mzigo ulifika.

Nina kitalu kidogo Nala, nauza miche ya mwarobaini, mijohoro na mikwaju. Mteja mmoja akataka mepo, ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Nikaagiza mbegu za aina ya Kijapani kwa mtu wa Dar, zikaja na basi.

Paketi ina picha ya majani ya bluu. Hakuna mepo wa majani ya bluu popote duniani, hiyo ni rangi ya kompyuta. Hata ule mwekundu, mbegu yake haikuhakikishii rangi ya mama; wanaotaka rangi ileile hubebesha, yaani huunganisha kijiti cha mti mama kwenye mche mwingine. Nilipomuuliza muuzaji mbegu zilivunwa mwaka gani, alinitumia picha ile ile.

Mbegu zenyewe lakini ni za kweli. Kila moja ina bawa jepesi kama la kumbikumbi. Nilipasua chache kwa wembe: nzima ina kiini cha kijani kilichojikunja ndani, nyingine ni ganda tupu. Maganda matupu ni kawaida kwa miti hii, hapo simlaumu mtu.

Kilichoniudhi ni kikaratasi cha maelekezo: "Panda, mwagilia asubuhi na jioni." Basi! Mbegu hizi haziamki mpaka zipitie baridi yenye unyevu, nyuzi 1 hadi 5 hivi, kwa siku 90 hadi 120. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Julai tunavaa makoti, ila baridi ya namna hiyo hatuna. Dawa ni friji. Unaziloweka usiku kucha, unazichanganya na mchanga wa mto uliooshwa (ukiukamua usitoe tone), unatia kwenye kopo na kuliweka droo ya mboga, siyo kule kwenye barafu. Funua mara mojamoja ukague ukungu. Umeme ukikatika, acha mlango ufungwe. Mama watoto alibandika karatasi kwenye kopo: SI DAGAA.

Ukiona kijimzizi cheupe, hamishia kwenye kiriba, kivulini. Majani mawili ya kwanza ni membamba marefu, usidhani umeuziwa mchicha. Yenye umbo la kiganja hufuata.

Yangu yalikwenda vizuri mpaka Oktoba. Upepo mkavu wa huku uliunguza ncha za majani hata chini ya neti, na mvua zetu husubiri Desemba. Isitoshe, mti huu umezoea kulala wakati wa baridi kali ndipo uchipue upya, ukiikosa, huzubaa. Tangazo la muuzaji kwamba mti huu ni "kivuli cha haraka" ni uongo mtupu. Mteja nilimweleza hivyo hivyo, akachukua mikwaju ya uani na mepo mmoja wa kwenye chungu, kwa ajili ya barazani.

Ukiagiza, dai kwanza mwaka wa mavuno na cheti cha afya ya mimea, maana mbegu za nje haziingii nchini kiholela. Na kama uko Njombe au Makete, kwenye baridi ya kweli, miche michache imebaki. Tutaelewana bei.