Kliniki ya mtaani chini ya SHA: tabibu hodari, dawa haba

Tangu SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya umma nchini Kenya) ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa awali wa bima hiyo, mnamo Oktoba 2024, matibabu ya msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 (zahanati, kliniki na vituo vya afya) vyenye mkataba na SHA, vikiwemo vya kibinafsi, hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi inayotokana na kodi, hivyo mgonjwa aliyejisajili hudumiwa hata kama hajalipa mchango wa bima. Kwa msingi huo nilimpeleka binti yangu, niliyemsajili kama mtegemezi wangu, katika kliniki moja ya kibinafsi mtaani Kayole, Nairobi.

Karani aliingiza nambari ya kitambulisho changu, kisha tukangoja ujumbe wa tarakimu za siri ambao, kwa sababu mtandao ulikuwa umelala, uliingia baada ya dakika arobaini. Mtu wa pesa taslimu aliyetukuta kwenye benchi alihudumiwa na kuondoka, jambo lililonikera kuliko kungoja kwenyewe.

Tabibu, kwa upande wake, hana mfano: alimsikiliza mtoto kifua mbele na mgongoni, akampima malaria, akanieleza dalili za kunirudisha haraka. Tatizo lilikuwa dirisha la dawa, ambako tulipewa dawa ya homa tu. “Serikali haijatulipa, mama,” mhudumu alisema kwa sauti ya chini, akaniandikia antibiotiki niliyoinunua ng'ambo ya barabara kwa shilingi 350.

Nitarudi kwa sababu ya tabibu huyo, ila nitabeba pesa za dawa.