Sukari ya paka: kutoboa sikio au kubandika sensa?

Ukimpima paka mwenye kisukari nyumbani, kwa gharama glukometa (mashine ndogo inayopima sukari kwenye tone la damu) inashinda: baada ya kuinunua, unaongeza vijiti vya kupimia tu. Pasha ukingo wa sikio kwa kitambaa cha vuguvugu, weka pamba nyuma, toboa kando ya mshipa. Sikio baridi hutoa tone kwa shida. Glukometa ya binadamu mara nyingi husoma chini ya hali halisi, kwa hiyo tafuta ya wanyama.

Sensa, kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi iliyonyolewa, huonyesha mwenendo wa sukari usiku na mchana hadi siku 14, ingawa paka wengine huing'oa mapema. Hupima majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huchelewa sukari ikishuka ghafla. Ikionyesha imeshuka mno, hakikisha kwa damu. Paka anayumba? Mpake asali kwenye ufizi kwanza, kisha mpigie daktari.

Dozi ya insulini ikiwa bado inatafutwa, sensa inafaa. Ikishatulia, au paka hataki kunyolewa, sikio linatosha.